Paneli za Kanisa na Moshi wa Jikoni

Mimi ni mhandisi wa umeme wa jua hapa Nairobi, na kazi zangu nyingi hutoka kwa parokia na shule zake. Mazungumzo na halmashauri ya parokia huanza karibu kila mara kwa namna moja: mwenyekiti hunitoa nje, hunionyesha paa la kanisa, kisha huniuliza litabeba paneli ngapi. Siku hizi mimi huomba kwanza nionyeshwe jikoni.

Waraka wa Laudato si’ kuhusu kutunza mazingira, alioutoa Papa Fransisko mwaka 2015, unasema katika aya ya 165 kwamba teknolojia inayotegemea makaa ya mawe, mafuta na, kwa kiasi kidogo zaidi, gesi inapaswa kuachwa hatua kwa hatua bila kukawia. Mkatoliki wa Poland akiisoma aya hiyo huenda akakumbuka mtambo wa makaa ya mawe ulio karibu na mji wake. Sisi tumesimama kwingine. Zaidi ya asilimia 80 ya umeme unaozalishwa Kenya hutokana na jotoardhi la Olkaria, mabwawa, upepo wa Turkana na jua, na mtambo wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Lamu ulifutiwa leseni ya mazingira mwaka 2019 hata kabla ya kusimama. Majenereta ya mafuta hutegemewa zaidi jioni, watu wanaporudi nyumbani na kuwasha taa, yaani saa ambazo paneli zimekwisha kulala. Kwa hiyo paneli za kanisa hupunguza bili, nami silidharau jambo hilo kwa kuwa bili yenyewe hulipwa kwa sadaka za watu wa kipato kidogo, lakini kaboni inayozuiwa nazo ni kidogo kuliko tunavyotangaziwa mimbarini.

Nililijua hilo kwa kukosea. Katika parokia moja nilipima mahitaji ya umeme siku ya Jumapili, spika na kinanda na feni vikiwa vyote vinafanya kazi, nikafunga mfumo wa kutosheleza siku hiyo. Niliporudi Jumanne nikakuta betri zimejaa kufikia saa nne asubuhi na nguvu ya jua haina pa kwenda. Hatua ishirini kutoka hapo, mpishi wa shule alikuwa amepiga magoti akipuliza kuni mbichi chini ya sufuria ya githeri, yaani mahindi na maharagwe, macho yamemwiva, na ukuta nyuma yake umekuwa mweusi kama lami.

Inafaa kukumbuka kwamba waraka huo, unapoanza kueleza uchafuzi katika aya ya 20, unataja moshi wa kupikia na watu wanaougua kwa kuuvuta. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba uchafuzi wa hewa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Mafundisho jamii ya Kanisa yanashika kwamba mali ya uumbaji imekusudiwa watu wote, na kwamba maskini hutangulia. Papa huyo huyo alipofika Kangemi, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, tarehe 27 Novemba 2015 aliorodhesha umeme pamoja na vyoo, mitaro na barabara kati ya huduma ambazo wakazi wamenyimwa. Kwangu mimi, hoja ya Kikatoliki ya nishati jadidifu jijini hapa inaanzia kwenye mapafu ya mpishi yule.

Wapo wanaonitajia Vatikani, ambako ukumbi wa Paulo VI uliwekewa paneli mwaka 2008. Ni mfano mzuri, ila Italia huzalisha sehemu kubwa ya umeme wake kwa gesi, hivyo huko paa lina uzito mwingine.

Kiufundi, jua la Nairobi na chakula cha mchana cha shule vina ratiba moja. Mahindi na maharagwe yaliyolowekwa usiku huiva katika sufuria ya presha ya umeme kati ya saa mbili na saa tano asubuhi, nguvu ya paneli ikiwa inapanda, bila kuhitaji betri kubwa, ambazo ndizo humaliza fedha za harambee. Julai mawingu hufunga, na hapo umeme wa kawaida hushika zamu.

Katika parokia ile hatukuongeza hata paneli moja. Tulinunua sufuria mbili za presha na kuvuta waya mnene hadi jikoni. Githeri sasa hupikwa kwa jua. Ugali mpishi bado anausonga kwenye kuni, maana sufuria zile ni nyembamba na mwiko wake hauwezi kuzunguka ndani.