Koti jekundu halikuwa la Uganda

Wengi tunaokusanya sanamu ndogo za askari za madini ya risasi hapa Kampala tumekua tukiamini kwamba vita vya ukoloni Uganda vilipiganwa na Wazungu wenye makoti mekundu. Sivyo. Wekundu huo ni wa gwaride la Uingereza, na ndio uliopendwa na kampuni ya William Britain, iliyoanza kumimina askari wenye uvungu ndani mwaka 1893.

Huku Uganda, Lugard, ofisa wa Kiingereza, alileta Wasudani mwaka 1891, mababu wa Wanubi wa mji wa Bombo. Kabalega, mfalme wa Bunyoro, alipokamatwa mwaka 1899, Waganda wa Semei Kakungulu, jemadari wa Buganda, walikuwemo kikosini. Wazungu walikuwa maofisa wachache tu. King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki lililoundwa 1902, lilivaa kaki na tarbushi, kofia ndefu isiyo na ukingo.

Ukitaka kikosi cha Uganda, paka kaki. Sanamu kuukuu nyekundu usiikwangue, tafadhali. Rangi yake ya awali hairudi.