Barabara za Haut-Katanga: tunayoyaamini na ukweli ulivyo

Serikali ya jimbo la Haut-Katanga, nchini Kongo (DRC), ikitangaza mpango wa barabara, Lubumbashi nzima, makao makuu ya jimbo, huuliza kwanza: kilomita ngapi? Swali hilo halina faida kubwa. Yenye faida ni matatu: barabara hiyo ni ya nani, italipwa kutoka fungu gani, na maji ya mvua yatapitia wapi. Dhana nyingi zinazozunguka sokoni na ndani ya teksi zinatokana na kuruka maswali hayo matatu.

"Barabara zote za jimbo ni kazi ya gavana"

Sivyo. N1, inayoingia kutoka Kasumbalesa mpakani na Zambia, ikapita Lubumbashi na Likasi kuelekea Kolwezi, ni barabara ya taifa. Herufi N mbele ya namba ina maana kwamba mwenye mali ni serikali ya Kinshasa, na anayeishughulikia kwa niaba yake ni Office des Routes, ofisi ya taifa ya barabara. Barabara za ndani ya mji pamoja na mifereji yake ni uwanja wa OVD, ofisi ya barabara na mifereji ya miji. Njia za vijijini zinazopitisha mahindi na mihogo zina ofisi yake, OVDA (zamani DVDA). Serikali ya jimbo inabaki na barabara za jimbo, na juu ya hizo inasimamia na kusukuma kazi za wengine.

Hapa pana jambo linalochanganya watu. Mara nyingi jimbo hutia pesa yake kwenye barabara ya taifa au mtaa wa mji, kwa sababu malori yakikwama, unga hupanda bei Lubumbashi kabla Kinshasa haijajibu barua. Hilo linaweza kufanyika kwa makubaliano na mwenye barabara. Ila kila franka inayokwenda huko imetolewa kwenye barabara za jimbo lenyewe. Kwa hiyo ukisoma katika mpango kwamba jimbo litatengeneza kipande cha N1, uliza kama kuna maandishi yanayosema Kinshasa itarudisha gharama. Yasipokuwepo, hesabu kwamba wenzetu wa Mitwaba au Pweto watasubiri mwaka mwingine.

"Katiba inatupa 40% ya mapato"

Kifungu cha 175 cha Katiba ya 2006 kinasema kweli 40%, na kinasema fungu hilo likatwe palepale pesa inapokusanywa. Watu husahau mambo mawili. La kwanza, hiyo 40% ni ya majimbo yote pamoja, na tangu jimbo la zamani la Katanga na mengine yalipogawanywa mwaka 2015 nchi ina majimbo 26. Hakuna jimbo hata moja lenye haki ya 40% peke yake. La pili, ukataji huo wa palepale haufuatwi: pesa hupanda Kinshasa kwanza, kisha hurudishwa pungufu na kwa kuchelewa. Sehemu kubwa ya inayorudi humezwa na mishahara na uendeshaji wa ofisi.

Kuna pia Mfuko wa Taifa wa Usawazishaji, ule unaotajwa na kifungu cha 181, ambao unapaswa kupata 10% ya mapato ya taifa kwa ajili ya uwekezaji majimboni. Mpango wa barabara uliojengwa juu ya pesa hizi mbili, kama vile zitafika zote na kwa wakati, umejengwa juu ya mchanga. Mpango makini huandika barabara zipi zitaanza kwa mapato ya jimbo lenyewe, na zipi zinasubiri Kinshasa.

"Pesa ya madini inaishia Kinshasa"

Ilikuwa hivyo kwa kiasi kikubwa hapo zamani. Sheria ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 ilibadili njia. Mrabaha wa madini, yaani redevance minière, sasa hugawanywa na kampuni yenyewe inapolipa: 50% serikali kuu, 25% jimbo, 15% eneo la utawala wa chini ambamo mgodi upo, na 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Kampuni ikidaiwa dola 1,000,000, jimbo linapokea 250,000 na eneo la chini 150,000 katika akaunti yake.

Angalia neno "ambamo mgodi upo". Ile 15% haifuati ofisi ya kampuni iliyo katikati ya mji. Inafuata shimo la mgodi. Ndiyo maana komini (kata za mji) za Kenya na Kamalondo hapa Lubumbashi, zenye watu wengi na mitaa iliyochoka, hazipati fungu hilo, huku usultani au sekta, maeneo ya utawala ya vijijini, yenye watu wachache inaweza kupokea mamilioni. Mkaaji wa komini isiyo na mgodi anayemlilia mkuu wa komini kwa sababu ya pesa za madini anagonga mlango usio wake. Pesa ya madini inayoweza kufika mtaani kwake ni ile 25% ya jimbo, na hiyo husomwa katika bajeti ya jimbo.

Halafu kuna mafungu mawili ambayo si mrabaha kabisa: 0.3% ya mauzo ya mwaka, ambayo kampuni hutenga kwa maendeleo ya jamii zilizo karibu na mgodi, na cahier des charges, mkataba wa ahadi unaotiwa sahihi na jamii hizo. Barabara ya kijiji au daraja dogo likiwa limeandikwa humo, ni deni la kampuni. Serikali ya jimbo isilitangaze kama kazi yake, na wananchi wasikubali lihesabiwe mara mbili.

"Bajeti imepita, sasa pesa iko"

Bajeti ni ruhusa na makadirio. Pesa yenyewe ni jambo jingine. Baada ya Bunge la jimbo kuipitisha na gavana kuitia sahihi, kila malipo hupita hatua nne: engagement, pesa inapotengewa kazi fulani, liquidation, kazi inapokaguliwa na deni kuhesabiwa, ordonnancement, amri ya kulipa inapotolewa, na mwisho malipo. Kazi nyingi za barabara hufia kati ya hatua ya tatu na ya nne. Karatasi zote zina sahihi, akaunti ni tupu.

Matokeo yake yanaonekana barabarani. Mkandarasi amekwangua mtaa, ameshindilia tabaka la msingi, amepeleka hati ya kazi iliyofanyika, halipwi. Mashine zinaondoka. Msingi usiofunikwa kwa lami hauvumilii msimu mmoja wa mvua: maji yanaulegeza, magari yanaukata, na kazi hiyo italipwa mara ya pili.

Kalenda nayo inatupinga. Bajeti hujadiliwa katika kikao cha Septemba na hupita mwishoni mwa mwaka, mvua zikiwa zimeshika. Zabuni ikianza kuandaliwa Februari, ikatangazwa, ikachambuliwa, ikasubiri idhini ya kurugenzi ya udhibiti wa mikataba ya umma, mkataba hutiwa sahihi Juni au Julai. Ongeza wiki za kuleta mashine na kufungua machimbo ya laterite, udongo mwekundu wa kujengea barabara, unabaki na siku chache kabla mvua hazijarudi, Oktoba ikiisha au Novemba ikianza. Dawa yake ni kuandaa michoro na hati za zabuni wakati bajeti bado inajadiliwa, ili mikataba iwe tayari mvua zinapokatika Aprili. Kwa hiyo hati ya kumdai waziri wa jimbo mwezi Januari ni mpango wa zabuni wa mwaka, wenye tarehe kwa kila kazi. Kitabu cha bajeti peke yake hakitoshi.

Mkataba wa gré à gré, bila ushindani, haukatazwi moja kwa moja na sheria ya 2010 ya manunuzi ya umma, lakini sheria imeufunga kwenye hali chache na unahitaji idhini maalumu. "Dharura" iliyojulikana tangu msimu wa mvua uliopita si dharura.

"Lami ikiwa nene, barabara itadumu"

Dhana hii ndiyo inayotugharimu kuliko zote. Barabara ya Lubumbashi haifi kwa juu. Inauawa na maji yaliyoingia chini yake.

Mji umekaa kwenye uwanda wa juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na mitaa mingi haina mteremko mkubwa. Mvua ya msimu mzima hushuka ndani ya takriban miezi sita. Mfereji unahitaji mteremko wa angalau 0.5%, yaani sentimita 50 kwa kila mita 100, ili maji yasukume mchanga. Ukipungua hapo, mchanga na mifuko ya plastiki hukaa, na mfereji unageuka kisima cha mbu. Na lazima uwe na mwisho: mto Lubumbashi, Kafubu, au kijito kinachoelekea huko. Mfereji unaoishia kwenye kiwanja cha mtu umehamisha tu shida, na baada ya misimu miwili huwa umechimba korongo.

Uso wa barabara nao lazima uwe na mgongo. Kwa lami, mteremko wa kila upande ni karibu 2.5%: barabara ya upana wa mita 7 inatakiwa katikati iwe juu ya ukingo kwa karibu sentimita 9. Kwa barabara ya laterite ni karibu 4%, yaani sentimita 12 kwa upana wa mita 6. Kamba iliyovutwa kutoka ukingo hadi ukingo, ikainuliwa kimo sawa pande zote mbili hadi iguse katikati tu, na mita ya fundi nguo vinatosha kupima hilo, bila injinia.

Chini ya lami ndiko kwenye kazi. Laterite humwagwa kwa matabaka ambayo yakishashindiliwa yana sentimita 15 hadi 20. Iwe na unyevu wake: ikiwa kavu mno haishikani, ikiwa imelowa mno inacheza chini ya rola. Maabara hupima ushindiliaji, na kwa kawaida hudai angalau 95% ya kipimo cha Proctor (mshikamano wa juu ambao udongo huo hufikia maabara) kwa tabaka la chini na 98% kwa msingi. Mkandarasi anayemwaga sentimita 40 kwa mpigo ameshindilia juu tu, na barabara itazama kwa mistari ya magurudumu. Mabomba ya zege yanayovuka chini ya barabara yasiwe na kipenyo kilicho chini ya sentimita 80, kwani hapo hakuna mtu anayeweza kuingia kuyasafisha.

Uzito wa malori huja juu ya hayo. Uharibifu hukua haraka kuliko uzito: ekseli ya tani 13 huumiza barabara karibu mara 3 kuliko ya tani 10, na ya tani 15 mara 5. Njia ya Kasumbalesa hubeba shaba, chokaa na asidi mchana na usiku, kwa hiyo mizani isiyofanya kazi inakula bajeti nzima ya matengenezo.

Kuziba shimo nako kuna utaratibu. Kata kingo ziwe wima na zenye pembe, chimba hadi udongo mgumu, toa maji na vumbi, paka emulsheni (lami iliyochanganywa na maji) chini na pembeni, kisha jaza lami kwa matabaka ya sentimita 5 hadi 7, ukishindilia kila moja. Lami iliyomwagwa ndani ya shimo lenye maji hutoka wiki hiyohiyo.

"Barabara ya udongo ni kupoteza pesa"

Gharama ya kilomita moja ya lami inaweza kufungua makumi ya kilomita za laterite nzuri, na kwa Kasenga, Sakania au Mitwaba hilo ndilo linaloamua kama mahindi yatafika sokoni au yataoza ghalani. Kinachoua barabara hizo ni kukosa matengenezo. Kamati za kijiji za matengenezo, CLER, zikilipwa kwa kilomita na kupewa majembe, koleo, panga na toroli, husafisha mifereji, hufyeka ukingo na kujaza mashimo kabla hayajawa mabwawa. Kizuizi cha mvua ni sehemu ya kazi hiyo: malori husimama mvua inaponyesha na saa kadhaa baadaye. Ofisa anayefungua kizuizi kwa noti ya franka ameharibu kazi ya mwezi mzima.

"Peaji ya N1 inatengeneza mitaa yetu"

Hapana. Peaji, yaani ada ya kupita, ya N1 inafungwa na mkataba wa barabara hiyo. Kuna pia tozo ndani ya bei ya mafuta inayokwenda FONER, mfuko wa matengenezo ulioundwa 2008. Mtaa wako hautengenezwi kwa peaji hiyo.

"Utepe umekatwa, kazi imekwisha"

Uzinduzi ni sherehe. Kinachohesabika kisheria ni mapokezi mawili: ya muda, kazi inapokabidhiwa, na ya mwisho, kwa kawaida baada ya mwaka mmoja wa dhamana. Katikati, sehemu ya malipo ya mkandarasi, mara nyingi 5 hadi 10%, huzuiwa, na kasoro zinazojitokeza ni juu yake. Mwaka huo una msimu mmoja wa mvua, na huo ndio mtihani. Tembea mtaa nusu saa baada ya mvua kukatika: dimbwi lililobaki juu ya lami, nyufa zinazofuata njia ya magurudumu, ukingo unaomomonyoka, mfereji unaorudisha maji nyuma. Piga picha yenye tarehe, andika jina la mtaa na namba ya kiwanja kilicho karibu, linganisha na bango la kazi lenye jina la mkandarasi, gharama na muda. Kisha peleka barua kwa OVD na wizara ya miundombinu ya jimbo, nakala kwa mbunge wa jimbo wa komini yako, ukidai mhuri wa kupokelewa. Barua ikifika kabla ya mapokezi ya mwisho, mkandarasi hurekebisha kwa gharama yake. Ikifika baada ya hapo, itakuwa mstari mpya katika bajeti.