Tozo ya miamala na ile Sh100 ya mafuta

Kila muhula nikianza somo la uchambuzi wa sera, naanza na tozo ya miamala ya simu ya 2021. Wanafunzi wangu wengi walikatwa wenyewe, kwa hiyo darasa linachangamka bila kubembelezwa.

Kwenye makaratasi ilikuwa na mantiki. Watanzania wengi hawana ajira rasmi, kodi ya mshahara haiwafikii, lakini hela zao zinapita kwenye simu, na mitandao ina mfumo wa kukata tayari. Wizara ya Fedha ikaweka kati ya Sh10 na Sh10,000 kwa muamala, kutegemea kiasi, kwa ajili ya vituo vya afya, madarasa na mengineyo. Ikaitwa tozo ya mshikamano. Jina nalo ni siasa: ukimwambia mtu "kodi" anashika mfuko, ukimwambia "mshikamano" umemwomba mchango.

Bungeni ikapita. Watu huwacheka wabunge wanaolalamika wiki nzima kisha wanasema ndiyo. Wasome ibara ya 90 ya Katiba: Bunge likikataa bajeti, Rais anaweza kulivunja. Na kura yenyewe hupigwa kwa kuitwa jina. Nani arudi jimboni kuomba upya kwa sababu ya tozo?

Makato yakaanza Julai 15, na watu wakaja juu. Mwezi haujaisha, Rais Samia akaagiza suala litazamwe upya. Septemba tozo ikashushwa kwa asilimia 30, mwaka uliofuata ikapunguzwa tena.

Sasa, bajeti hiyohiyo iliongeza Sh100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, na hasira yake haikufika hata nusu ya ile. Ya mafuta imejificha ndani ya bei ya pampu. Nauli ikipanda unagombana na konda. Tozo ilikuja na meseji, imeandikwa peke yake, dakika ileile unapomtumia mama hela ya dawa. Na mama anataka "na ya kutolea", ambayo nayo ina tozo yake. Mimi mwenyewe niliwahi kusimama kwenye kibanda cha wakala, nikapiga hesabu, nikarudisha simu mfukoni.

Wenzangu wa uchumi husema siasa iliharibu sera nzuri. Sikubaliani nao. Hesabu yao ilijua nani atakatwa, haikuuliza atajuaje kwamba amekatwa.

Ile Sh100 ya lita? Kila muhula nauliza. Bado sijapata mwanafunzi anayeikumbuka.