Kuhamisha repo ya zamani: tarehe mbovu iache, jina la faili likague

Ukihamishia repo ya miaka mingi (hazina ya msimbo wa programu pamoja na historia yake, inayotunzwa kwa Git) kwenye seva mpya, unaweza kukuta kazi imekwama kwa ujumbe kama badTimezone, yaani ukanda wa saa ulioandikwa vibaya. Wengi huilaumu seva. Kasoro ilikuwamo tangu zamani; haikuonekana kwa sababu mpangilio wa Git uitwao transfer.fsckObjects, unaoagiza kila kinachopokewa kikaguliwe, huja ukiwa umezimwa.

Mfano maarufu umo kwenye repo ya Rails, mfumo wa kuundia tovuti: komiti moja (rekodi ya badiliko moja katika historia) imeandikwa ukanda wa saa +051800. Sisi wa Dar es Salaam na Nairobi huandikiwa +0300, yaani alama na tarakimu nne. Amri ya Git ya fast-import, inayoingiza historia nzima kwenye repo, ikisoma tarehe kwa muundo wa raw (sekunde na ukanda wa saa), hukataa chochote kinachozidi 1400 (saa 14 mbele, huko Kiribati, ndiyo mwisho wa dunia kwa hesabu hizi). Mwaka 2020 toleo la Git 2.28 liliongeza muundo wa raw-permissive, unaopitisha namba kama zilivyo.

Kwa nini tusisahihishe tu? Kwa sababu ya heshi, namba ya utambulisho wa kila komiti. Heshi ya komiti hukokotolewa kwa kila herufi iliyomo, ukanda wa saa ukiwemo, na kila komiti hubeba heshi ya mzazi wake. Gusa moja ya zamani, na uzao wake wote utapata heshi mpya. Sahihi za kidijitali zinabatilika, viungo kwenye ripoti za hitilafu havifiki popote, na mwenzako mwenye nakala ya awali anajikuta na historia isiyooana na yako. Yote hayo kwa ajili ya saa ambayo hakuna anayeitazama!

Majina ya faili ni habari nyingine kabisa. Mwaka 2014 iligundulika kwamba folda iliyoitwa .GIT, kwenye Windows na Mac zisizotofautisha herufi kubwa na ndogo, ingeweza kufunika .git halisi, folda ambamo Git huweka mipangilio yake, na kuendesha amri za mshambuliaji. Mwaka 2018 ikawa zamu ya majina ya submoduli (repo zilizowekwa ndani ya repo nyingine) yenye ../ ndani yake, alama ya kupanda folda ya juu. Hapo usilegeze hata kidogo.

Kwa tarehe, waweza kushusha badTimezone peke yake iwe onyo, kwa mpangilio wa seva inayopokea: receive.fsck.badTimezone=warn. Mimi napendelea receive.fsck.skipList: faili lenye heshi za vitu vibovu unavyovifahamu, moja kila mstari. Hivyo vinapita, na kibovu kipya kikiletwa kesho bado kinakataliwa.