Nzi wa kamba hufungwa kinyumenyume

Nzi wa kuvulia samaki aina ya trauti si mdudu hai, ni ndoana iliyovishwa nyuzi na manyoya ili ifanane na windo lake. Wengi wanaouzwa Ulaya na Marekani hufungwa kwa mkono hapa Kenya. Anayenipa kazi zaidi kwenye jiliwa, kile kibano cha kushikia ndoana, ni yule wa kuiga kamba wa maji baridi, mnyama mwenye gamba na magando, na ndiye mwenye maneno mengi ya uongo.

Dhana: Kichwa kikae kwenye tundu la ndoana, mkia nyuma.

Ni kinyume kabisa. Kamba akijitembelea huenda mbele, ila akishtuka hupiga mkia chini ya tumbo na kuchomoka kinyumenyume, magando yakiburutika nyuma. Trauti humkimbiza akiwa katika hali hiyo. Sasa, mshipi umefungwa kwenye tundu, na ukivuta, tundu ndilo linalotangulia. Basi mkia ufungwe huko, na magando yakae kwenye kipinda cha ndoana. Mimi nilifunga dazeni nzima vichwa mbele kabla ya kuonyeshwa. Niliwafumua wote kwa wembe.

Dhana: Kamba ni mwekundu.

Huyo ni wa sufuriani. Moto huiachia rangi nyekundu iliyokuwa imeshikwa na protini ndani ya gamba. Walio hai wengi ni kahawia au kijani cha mwani. Yupo mwekundu kweli, yule wa Louisiana aliyepandikizwa Ziwa Naivasha mwaka 1970, lakini hata watoto wake wana rangi ya tope. Funga rangi ya tope.

Dhana: Magando makubwa humvutia samaki.

Humvutia mnunuzi. Kamba mdogo humezeka kirahisi, tena hana gando la kumfinya mtu. Isitoshe, magando mapana huzunguka hewani kama pangaboi na kuusokota mshipi. Mimi hukata vipande viwili vya ngozi ya sungura yenye manyoya yake, vyembamba kama njiti ya kiberiti. Kwanza nazungusha uzi hadi utoe kifundo kidogo, kisha nafunga kipande kimoja kila upande wake ili vitanuke. Vikiwa vikavu havina sura. Majini manyoya huchezacheza yenyewe.

Miguu isikuumize kichwa: unyoya mmoja wa jogoo uliozungushwa mwilini unatosha, hakuna trauti anayehesabu.

Dhana: Uzito ni wa kuzamisha tu.

Kamba huishi kwenye mawe, na mawe hula ndoana. Macho ya chuma, yaani vitufe viwili vidogo vya kuongeza uzito, yakifungwa upande wa juu, karibu na tundu, ndoana hupinduka na ncha hutazama juu. Ndiyo, maana yake macho yanakaa mkiani mwa kamba, na wageni hucheka wakiona. Mtumbukize kwenye karai la maji kabla ya kumpaka gundi ya mwisho. Akitua ncha ikiwa chini, sogeza macho au funga mazito zaidi.