Je, wajua? Grand Prix ilianza baada ya Wafaransa kuchoshwa na sheria ya magari matatu

Tajiri aliyemtuma Stanley kumtafuta Livingstone, hadi wakakutana Ujiji mwaka 1871, ndiye huyohuyo aliyeanzisha kombe la kwanza la mbio za magari kati ya mataifa. Ni James Gordon Bennett, Mmarekani mwenye gazeti la New York Herald, ambaye baadaye alihamia Paris. Na Grand Prix, babu yake Formula 1, ilitokana na manung'uniko ya Wafaransa juu ya kombe hilo.

Kabla ya kombe hilo, magari yalishindana kutoka mji hadi mji. Mwaka 1895 Émile Levassor aliendesha Paris hadi Bordeaux na kurudi kwa saa 48 na dakika 48, akawaacha wenzake mbali kabisa. Tuzo ya kwanza akaikosa: gari lake lilikuwa na viti viwili, na sheria ilitaka vinne!

Bennett alileta kombe lake mwaka 1900. Kila nchi ilete magari yasiyozidi matatu, kila kipuri kiwe kimetengenezwa katika nchi hiyo, na atakayeshinda aandae mbio za mwaka unaofuata. Mwaka 1902 kombe lilikwenda Uingereza, ambako sheria ilikataza mashindano katika barabara za umma, kwa hiyo mbio za 1903 zikapelekwa Ireland.

Wafaransa waliona wanaonewa. Wao ndio waliokuwa na viwanda vingi vya magari kuliko wengine, lakini nafasi zao zilikuwa tatu tu, sawa na nchi yenye kiwanda kimoja. Mwaka 1904 magari 29 ya Kifaransa yaligombea nafasi hizo katika mchujo. Kwa kweli malalamiko yao yalikuwa na msingi, ingawa biashara nayo ilikuwemo. Léon Théry aliwaletea ushindi 1904 na tena 1905, lakini chama chao cha magari, Automobile Club de France, kikaamua kuachana na kombe na kuandaa mbio zake, yaani Grand Prix. Sasa magari matatu yakawa ya kila kiwanda, si ya kila nchi. Waingereza wakasusa, wakisema haya ni matangazo ya biashara ya Wafaransa.

Grand Prix hiyo ilifanyika karibu na Le Mans, tarehe 26 na 27 Juni 1906. Mzunguko mmoja ulikuwa na urefu wa kilomita 103, na kila siku ilikuwa mizunguko sita: jumla kilomita 1,238. Magari 32 yaliondoka, mengi ya Kifaransa, pamoja na Fiat na Itala za Italia na Mercedes za Ujerumani.

Jua lilikuwa kali, lami ikayeyuka, mawe yakararua tairi ovyo. Kazi yote ya kutengeneza gari ilikuwa ya dereva na fundi wake tu, bila msaidizi. Tairi likipasuka, walilikata kwa kisu na kulivua, kisha wakasukumiza jipya kwenye rimu kwa nguvu za mikono, kazi ya kama dakika 15. Michelin walikuwa wameleta rimu za kufungua: unalegeza nati nane, unatoa rimu na tairi lake, unapachika nyingine iliyokwisha kujazwa upepo. Haikufika dakika nne. Rimu hizo ziliongeza uzito, na gari halikuruhusiwa kuzidi kilo 1,000, kwa hiyo si kila timu iliweza kuzitumia.

Renault ya Ferenc Szisz ilikuwa nazo. Mhungari huyo, aliyewahi kuwa fundi wa Louis Renault mwenyewe, alimshinda Felice Nazzaro wa Fiat kwa dakika 32.

Wafaransa wakashangilia. Lakini mwaka 1907 Nazzaro akashinda, na 1908 Wajerumani wakachukua nafasi zote tatu za kwanza kwa Mercedes moja na Benz mbili. Baada ya hapo Wafaransa hawakuandaa tena Grand Prix yao hadi 1912.