Saratani ya kondo la nyuma: yanayosemwa na yaliyo kweli

Koriokasinoma ni saratani adimu inayoanzia katika seli ambazo, mimba ikienda vizuri, hujenga kondo la nyuma. Mara nyingi hutanguliwa na mimba zabibu, yaani mimba ambayo badala ya mtoto hujaa vifuko vya majimaji vilivyoshikana kama kichala. Kwa kuwa ni wachache wanaoifahamu, mgonjwa huanza matibabu akiwa amekwisha kujazwa maneno ya majirani.

Dhana potofu: Mwanamke amerogwa, au aliwahi kutoa mimba kwa siri.

Mimba zabibu iliyo kamili hutokea pale yai lisilo na vinasaba vya mama linaporutubishwa, mara nyingi na mbegu moja ambayo vinasaba vyake hujirudufu, kwa hiyo vinasaba vilivyomo katika kiini cha seli za mimba hiyo kwa kawaida ni vya baba peke yake. Hilo halimfanyi mume kuwa mkosaji, lakini lingetosha kuwanyamazisha mawifi. Saratani hii huweza pia kufuata mimba iliyoharibika au hata uzazi wa kawaida, ndiyo maana damu isiyokoma baada ya kujifungua haifai kuitwa hedhi iliyovurugika kabla ya kupimwa.

Dhana potofu: Kipimo kikionyesha mistari miwili, mimba ipo.

Kijiti cha kupimia mkojo hakimtafuti mtoto. Hutafuta hCG, homoni ya mimba, na seli za koriokasinoma hutoa homoni hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo mistari miwili huweza kuonekana ilhali utrasaundi haioni mtoto wala mapigo ya moyo. Ndugu hulalamika pia kwamba daktari ameanzisha dawa bila kukata kipande cha nyama ya uvimbe cha kupimwa, wakidhani ni uzembe. Uvimbe huu umejaa mishipa ya damu, na kuukata huweza kuleta damu isiyozuilika kirahisi, hivyo kiwango cha homoni katika damu, pamoja na historia ya mimba na picha, mara nyingi hutosha kuthibitisha ugonjwa.

Dhana potofu: Ikishafika mapafuni, mgonjwa arudishwe nyumbani.

Hapa ndipo koriokasinoma inapotofautiana na saratani nyingi. Katikati ya miaka ya 1950, Min Chiu Li na Roy Hertz wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani walianza kuwatibu kwa methotreksati, dawa ya saratani, wanawake ambao ugonjwa ulikuwa umekwisha kusambaa mpaka mapafuni, na baadhi yao wakapona kabisa kwa dawa peke yake. Leo mgonjwa hupewa alama za hatari kulingana na hali yake: mwenye alama 0 hadi 6 kwa kawaida huanza na dawa moja, na karibu wote wa kundi hili hupona, mwenye 7 na kuendelea hupewa mchanganyiko wa dawa kadhaa, na wengi wao pia hupona.

Dhana potofu: Akijisikia nafuu, au homoni ikishuka, dawa imekwisha kazi yake.

Hii ndiyo dhana ninayoiogopa kuliko zote. Katika mpango mmoja unaotumika sana, sindano ya methotreksati hutolewa siku ya 1, 3, 5 na 7, na asidi ya foliniki siku ya 2, 4, 6 na 8 ili kuzilinda seli zenye afya, kisha mgonjwa hupumzika hadi mzunguko mwingine. Damu hukoma mapema, nguvu hurudi, na aliyetoka Kigoma kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, huanza kuhesabu nauli. Li mwenyewe alisisitiza kuendelea kutibu hadi homoni itoweke kabisa, wakubwa wake wakaona anawatesa wagonjwa bure, akapoteza kazi. Baadaye ilionekana kwamba waliotibiwa kwa njia yake hawakurudiwa na ugonjwa kama waliokatishwa dawa mapema. Siku hizi dawa huendelea kwa takriban wiki 6 baada ya homoni kufikia kiwango cha kawaida.

Vidonda vya kinywani vinavyoletwa na dawa hii ni adha ya kweli, na maji ya chumvi ya kusukutua husaidia kiasi. Jambo ambalo shangazi mwenye nia njema hulikosea ni kuleta vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito: vina asidi ya foliki (siyo ile ya foliniki anayopangiwa na daktari), na methotreksati hufanya kazi kwa kuzinyima seli za saratani manufaa ya kirutubisho hicho, kwa hiyo visimezwe bila daktari kuulizwa.

Dhana potofu: Hatazaa tena.

Wengi hubaki na kizazi chao, na hedhi hurudi. Huombwa tu kutumia uzazi wa mpango kwa mwaka mzima baada ya dozi ya mwisho, kwa sababu mimba mpya hupandisha homoni ile ile na kuficha ugonjwa iwapo unarudi. Akishika mimba baadaye, hufanyiwa utrasaundi mapema, na wiki 6 baada ya kujifungua damu yake hupimwa tena hCG.